Mfuko umebadilika, kazi imekwama: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Mwongozo huu ni wa watu wa ndani: afisa ruzuku, mhasibu, mratibu wa programu au mjumbe wa bodi katika mfuko unaotoa ruzuku kwa vikundi na mashirika madogo, ambao karibuni umepata mkurugenzi mpya, mfumo mpya wa kompyuta, mkakati mpya, au vyote vitatu kwa mpigo. Arusha na Moshi mifuko ya aina hii ni mingi. Ipo ya ada za shule, ya mazingira, ya wanawake wafugaji, na ile ya familia za ng'ambo zilizokuja kupanda Kilimanjaro, zikarudi kwao na kuanza kutuma fedha.

Karibu kila dalili iliyo hapa chini huanza kwa kuitwa tabia ya mtu. "Mhasibu ni mgumu." "Vikundi vya Longido havijui kuandika ripoti." "Bodi ni wazee." Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi njia mpya imefunguliwa na ya zamani haikufungwa, basi watu wanapita ile waliyoizoea. Kwa hiyo kila mara anza na swali hili: kazi hii zamani ilikuwa inapita wapi, na nani bado anaipokea huko?

Dalili: mfumo mpya upo, kazi bado ipo kwenye Excel

Hii ndiyo inayojitokeza kuliko zote. Mfumo wa kusimamia ruzuku umenunuliwa, mafunzo yamefanyika hotelini, chai na sambusa zimeliwa, vyeti vimetolewa. Baada ya miezi michache mkurugenzi anafungua mfumo na kukuta nusu ya ruzuku hazina tarehe ya malipo.

Usikimbilie kuandaa mafunzo mengine. Chukua jalada la ruzuku moja iliyokwisha kulipwa ulifuate kinyumenyume. Fedha zilitoka benki tarehe fulani. Aliyeidhinisha alikuwa ameshika nini mkononi? Vocha. Vocha ilijazwa kutoka wapi? Hapo utafika kwenye jedwali la mhasibu, na ukimwomba akufungulie utaona kitu cha maana sana: mistari ya njano na mistari ya kijani. Kijani ni "lipa". Njano ni "subiri". Kwenye mfumo mpya hakuna mahali pa kuandika "subiri". Mfumo unaijua ruzuku iliyoidhinishwa na ruzuku iliyolipwa, basi. Haujui kwamba kuna ruzuku iliyoidhinishwa na bodi lakini kikundi bado hakijaleta muhtasari wenye muhuri wa mtendaji wa kata, au kwamba mweka hazina wao amehamia Babati na akaunti haina mtia saini wa pili. Kwetu ruzuku inaweza kukaa katika hali hiyo kwa wiki nyingi, na kazi kubwa ya mhasibu iko hapo hapo. Mfumo uliotengenezwa kwingine umeruka sehemu hiyo, kwa hiyo mhasibu anaendelea na jedwali lake, na ana haki.

Tiba yake ni kuongeza hali hiyo kwenye mfumo, pamoja na sehemu ya kuandika kinachosubiriwa na nani anakifuatilia. Wauzaji wengi wa mifumo hufanya hivyo kwa siku chache ukiwaeleza vizuri. Kisha panga tarehe ya kufunga njia ya zamani: kuanzia siku hiyo, vocha isiyochapwa kutoka kwenye mfumo hailipwi. Sentensi hiyo moja, ikisainiwa na mkurugenzi na kuheshimiwa na mkurugenzi mwenyewe, ina nguvu kuliko mafunzo yote. Jedwali la zamani lisifutwe. Lifungwe liwe la kusoma tu. Hamisha ruzuku ambazo bado ziko hai, zilizokwisha ziache zilipo. Nimeona ofisi ikihangaika kuingiza kumbukumbu za miaka kumi huku malipo ya mwezi huo yamelala.

Tarehe yenyewe isiangukie Januari kama mfuko wenu unalipia wanafunzi. Januari ni mwezi wa shule kufunguliwa. Mzazi aliyesimama mapokezi na fomu ya kujiunga mkononi hatasikia habari ya mfumo.

Mambo mawili ya pembeni, lakini yana uzito. Nakala za jedwali la zamani zilizosambaa kwenye flashi na kompyuta binafsi zina majina ya watoto, namba za simu za wazazi, pengine hata hali zao za afya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na inaihusu mifuko pia. Kusanya nakala hizo. La pili ni intaneti. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na mtandao ukawa wa kusuasua. Mwishoni mwa Oktoba 2025 ulizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kila Ijumaa chapisha orodha ya malipo yanayosubiri, na namba za simu za wahusika. Karatasi mbili zinatosha.

Dalili: mkurugenzi mpya amefika, malipo yamesimama

Wa zamani ameagwa kwa keki, wa sasa amekaribishwa kwa shangwe, na hakuna hundi inayotoka. Lawama huenda benki. Benki kwa kawaida inasubiri karatasi ambayo ninyi hamjaipeleka.

Angalia kwanza muhtasari wa kikao cha bodi. Mihtasari mingi husema "bodi ilimkaribisha mkurugenzi mpya na kumtakia kazi njema". Benki haiwezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Inahitaji azimio linalosema nani anaingia kuwa mtia saini, nani anaondoka, akaunti zipi kwa namba, kuanzia lini, na utaratibu wa kusaini ni upi, wawili kati ya watatu au vinginevyo. Jina la anayeondoka ndilo husahaulika, pengine kwa sababu ya aibu ya kumtaja mtu aliyeagwa vizuri. Litajeni.

Halafu angalia usajili. Mfuko uliosajiliwa kama bodi ya wadhamini chini ya Sura ya 318 ya sheria za Tanzania una jalada RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na mabadiliko ya wadhamini yanapaswa kufika huko. Uliosajiliwa chini ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 jalada lake liko kwa Msajili wa mashirika hayo. Ipo pia mifuko iliyoanza kama kampuni isiyo na hisa kule BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisha marekebisho ya sheria ya 2019 yakaipeleka kwa Msajili. Hiyo mara nyingine ina majina ya viongozi wa zamani sehemu moja na wa sasa sehemu nyingine. Benki ikikuta majina yanapishana inasimama, na ndivyo inavyotakiwa.

Na kuna jambo dogo linaloumiza kuliko yote: simu. Akaunti ya mfuko kwenye mfumo wa kodi, wa mafao ya wafanyakazi na wa benki hutuma msimbo wa kuthibitisha kwa namba moja ya simu. Namba ile ni ya mkurugenzi aliyeondoka. Kodi ya mishahara inatakiwa ifike TRA isizidi tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na tarehe 5 jioni mhasibu anampigia mtu ambaye hayupo tena kazini, "Shikamoo bosi, samahani, kuna msimbo umeingia hapo kwako." Laini ya ofisi ni ya ofisi: isajiliwe kwa jina la taasisi, ikae kwenye kabati la mhasibu, na iwe kipengele cha kwanza cha makabidhiano, mbele ya funguo za gari.

Dalili: malipo yamerudi

Nane kati ya kumi, kwa makadirio yangu ya mezani, ni jina. Kwenye cheti cha kikundi jina ni la Kiswahili, benki walifunguliwa akaunti kwa jina la Kiingereza, na kwenye mkataba wa ruzuku mmeandika kifupi. Omba picha ya ukurasa wa taarifa ya benki wenye jina na namba, uandike mkataba kwa jina hilo herufi kwa herufi. Mengine yaliyobaki ni akaunti iliyolala kwa sababu haijatumika muda mrefu.

Dalili: maamuzi yanafanyika, kisha yanabadilika bila kikao

Kamati imekataa ombi Alhamisi. Jumatatu ombi liko tena mezani, na hakuna anayejua limerudije.

Tazama kama mwasisi bado anapigiwa simu. Hapa nitakaa kidogo, maana huku Kilimanjaro nimeliona sana. Mfuko ulianzishwa na mtu mmoja, au mzee na mkewe, wakiwa na jina zuri kijijini. Wamestaafu uongozi, kuna bodi, kuna mkurugenzi kijana mwenye shahada. Lakini Jumapili ibada ikiisha, watu hawamtafuti kijana. Wanakwenda kwa mzee. Wanakaa barazani, wanapewa chai, wanaeleza shida ya bomba la maji au bati za shule. Mzee hawaahidi kitu. Anasema tu, "Nitawauliza vijana." Jumatatu anampigia afisa ruzuku: "Mwanangu, lile la maji la kule juu limefikia wapi?" Hilo ni swali. Ila ofisini hakuna aliyelisikia kama swali. Afisa anajibu, "Tunalishughulikia, mzee," na jalada linatolewa kwenye droo ya yaliyokataliwa.

Makosa mawili hufanyika hapa. La kwanza ni kumtuma mkurugenzi akamwambie mzee aache. Kijana wa miaka thelathini na tano hawezi kumwambia hivyo mtu wa rika la babu yake na jambo likaisha salama. Mzee atanyamaza, na kijiji kitajua kabla ya jioni. Anayekwenda ni mwenyekiti wa bodi, au mjumbe wa rika lake, na anakwenda na kitu mkononi: karatasi moja yenye tarehe za kupokea maombi, namba ya ofisi, na mambo ambayo mfuko unafadhili mwaka huu. Ombi kwa mzee liwe kwamba anayekuja barazani apewe karatasi hiyo. Wazee wengi hupokea kwa furaha, kwa sababu hata wao wamechoka kubeba shida za watu Jumapili nzima bila jibu la kuwapa.

La pili ni kujifanya kwamba ushawishi wake haupo. Mimi ningetenga fungu dogo kwa mwaka, lenye ukomo, ambalo mwasisi anaweza kupendekeza litumike wapi, likipita kwenye fomu ile ile na uhakiki ule ule. Wapo wanaosema hiyo ni kuhalalisha upendeleo. Ninaona afadhali upendeleo wenye ukomo na stakabadhi kuliko ule unaopitia kwenye simu.

Kama hakuna mwasisi, basi tafuta jedwali la viwango vya idhini. Huenda halipo. Liandikwe kwa fedha kamili: kwa mfano, hadi milioni 5 mkurugenzi, kutoka hapo hadi milioni 30 kamati ya ruzuku, zaidi ya hapo bodi nzima. Ongeza mstari unaosahauliwa: ombi lililokataliwa linarudishwa na nani, na kwa sababu gani mpya.

Dalili: watu bado wanaomba vitu mlivyoacha kufadhili

Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Mifuko mingi ya elimu ikahamisha fedha kwenda kwenye mahitaji ya bweni, nauli, au vyuo vya ufundi. Mpaka leo barua za kuomba ada zinaingia.

Chanzo ni tangazo la zamani. Limepigwa picha, limo kwenye makundi ya WhatsApp, na fomu yenyewe imebanwa ukutani kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata. Halina tarehe, kwa hiyo muda wake haumaliziki. Peleka fomu mpya kwa mkono kwa maafisa maendeleo ya jamii, ung'oe ya zamani ukiwa hapo hapo. Kila tangazo lenu liwe na tarehe ya mwisho wa matumizi kwa herufi kubwa, na mwaka kwenye jina la faili. Kagua pia maneno ya wafanyakazi wenu wakiwa ziarani: "ninyi leteni tu, tutaona" ni tangazo la zamani linalotembea kwa miguu.

Mkiwa mnawaacha wapokea ruzuku wa miaka mingi kwa sababu mkakati umebadilika, barua isiwe ndiyo habari ya kwanza. Nendeni, mkae nao, mseme ruzuku ya mwisho ni ipi na inaisha lini. Barua ifuate, kwa Kiswahili.

Dalili: ripoti zinachelewa, au zinafanana kama zimenakiliwa

Linganisha tarehe mbili: ya mkataba kuanza na ya fedha kuingia kwenye akaunti ya kikundi. Kama mkataba unaanza Januari na fedha zimeingia Machi, ripoti ya robo mwaka haina cha kuripoti, na kikundi kitaandika chochote kisiwaudhi. Kwa mashirika yaliyosajiliwa kwa Msajili kuna sababu nyingine: kanuni zilizorekebishwa 2018 zilitaka mkataba unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku kumi kwa idhini. Mpokeaji mwangalifu hatagusa fedha kabla ya hapo. Muda wa mradi uhesabiwe tangu fedha zinapoweza kutumika.

Kisha tazama kalenda yenu. Ripoti inayodaiwa tarehe 31 Desemba kutoka kwa kikundi cha Rombo au Marangu ni kujitafutia presha; wiki hizo ndugu wote wamerudi nyumbani na katibu wa kikundi yuko kwenye sherehe za ukoo. Mwezi Aprili, katikati ya masika, kuna vijiji ambavyo gari la ufuatiliaji halifiki.

Baada ya hapo ndipo uangalie fomu. Chukua kila swali uulize ni nani aliyetumia jibu lake mwaka jana. Baadhi hayaondoki: kama fedha zenu zinatoka kwa mfuko binafsi wa Marekani, sheria ya kodi ya huko inaweza kuwataka wafadhili wenu wachunguze mpokeaji kabla ya kumpa, wawe na mkataba wa maandishi, na wapate taarifa ya matumizi kila mwaka. Maswali ya namna hiyo yaachwe, na mpokeaji aambiwe kwa nini yapo. Yaliyobaki, hasa yale ya "eleza mafunzo uliyojifunza kwa maneno 500", mara nyingi aliyeyaweka alishaondoka na hakuna anayeyasoma. Futa. Ripoti ya sauti kwa simu, ikifuatiwa na picha za stakabadhi, humpa afisa ruzuku habari nyingi zaidi kuliko kurasa sita zilizoandikwa na kijana wa steshenari kwa malipo.

Dalili: hesabu za ruzuku hazifungi, na hakuna aliyeiba

Angalia dola. Mwaka 2024 dola moja ilipita shilingi 2,700, na kufikia Desemba ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400. Ruzuku ya dola 50,000 iliyopangwa kwa kiwango cha kwanza ni shilingi milioni 135. Ikipokelewa kwa kiwango cha pili ni milioni 120. Milioni 15 hazikuibwa, hazikuwahi kuwepo. Lakini kwenye kijiji kilichoahidiwa visima vitatu na kupata viwili, maelezo hayo hayaaminiki kama yanatolewa baadaye.

Mkataba kati yenu na mpokeaji uandikwe kwa shilingi, na hatari ya kiwango ibebwe na mfuko, ambao una uwezo wa kuibeba kuliko kikundi cha ufugaji wa nyuki. Kwenye bajeti tumieni kiwango cha chini kidogo ya cha soko, na mseme wazi ziada ikitokea inakwenda wapi.

Dalili: watu ofisini wamekuwa kimya, na wasifu wa kazi unachapwa kwenye printa ya ofisi

Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, uvumi wa kupunguzwa kazi umeingia hata kwenye mifuko ambayo haikuwahi kupokea senti ya USAID. Kabla ya kuitisha kikao cha kujenga timu, tafuta kama kuna kitu halisi wanachokijua. Huenda mwenye kuandaa bajeti ameona mistari ya mishahara imeachwa wazi kuanzia Julai. Huenda mlinzi amesikia mazungumzo ya wageni kwenye gari.

Kama hakuna mpango wa kupunguza watu, mkurugenzi aseme fedha zilizopo zinafika mwezi gani. Aseme mwezi, "tuko vizuri" haimtoshi mwenye mtoto anayeanza kidato cha kwanza. Kama mpango upo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuachii nafasi ya kushtukiza: unatakiwa kutoa taarifa ya kusudio, ueleze sababu na vigezo vya kuchagua, na ushauriane na wafanyakazi kabla ya uamuzi wa mwisho. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Mhasibu akokotoe deni hilo kwa kila mfanyakazi sasa, kabla ya kikao chochote, na kiasi hicho kitengwe nje ya fedha za ruzuku, kwa sababu wafadhili wengi hawakubali kulilipa na siku ya kulihitaji hamtakuwa na muda wa kuwaomba.